Askari Mbele ya Ghala la Baruti

BATA ASIVUKE MPAKA.

Ohlendorf, jasusi wa Prussia, aliiunguza telegramu ile kwa sigara yake. Bata lilikuwa jina la siri la jasusi wa Ufaransa aliyekuwa akiwinda michoro ya ngome ya Mainz. Kisha akapanda mbiombio ngazi za nyumba ya mchoraji, hapo hapo Mainz.

Mzee Traugott Hasselbrink alikuwa akimpaka jenerali mmoja masharubu. Siku hizi alichora sura za wakubwa tu. Ujanani, alipokuwa askari wa mizinga ngomeni, aliwachora wenzake wakimenya viazi.

"Michoro yako ya jeshini iko wapi, mzee?"

"Nimeuza leo asubuhi. Kwa Mswisi mmoja, Delcourt. Mtu mstaarabu!"

"Alisifu sura ipi?"

Mzee akashusha brashi.

"Hata hakuziangalia. Aliupima ukuta wa mchoroni kwa kidole gumba."

Michoroni, nyuma ya wale askari, palikuwa na ghala la baruti la ngome. Mlango wake. Njia yake. Unene wa ukuta wake.

Ohlendorf akachomoa bastola yake ya Dreyse.

"Na wewe hukujua?"

"Kijana, nilichora rafiki zangu. Ukuta ulijileta wenyewe!"

Ohlendorf hakumwamini.

"Anafananaje?"

"Ndevu tele."

"Ndevu hunyolewa."

"Zinyolewe! Taya atalipeleka wapi?"

Mzee akanyakua kipande cha mkaa. Akamchora Delcourt bila ndevu.

Stesheni, treni ya Paris ilikuwa ikipuliza moshi. Padri mmoja alipita upesi. Mashavu yamebabuliwa na jua, kidevu cheupe kama jibini.

Ohlendorf akautazama mchoro.

Taya lile lile.

"Baba, nibariki."

"Nina haraka, mwanangu."

Mkono wa padri ukazama ndani ya kanzu. Ohlendorf akaupiga kwa kitako cha bastola. Kisu kikaanguka relini. Michoro ilikuwa imeviringishwa kiunoni mwake.

Amri ilikuwa kuichoma yote, mbele ya mchoraji.

Ohlendorf akairudisha nyumbani kwa mzee, naye akaipapasa kwa kidole.

"Huyu Gebhard. Huyu Lorenz, mwizi wa soseji. Wote wamekufa, bwana. Sina sura zao kwingine."

Ohlendorf akachomoa kisu chake. Akakata ukuta, mlango na njia, akavitupa motoni. Sura za askari akaziacha mezani.

"Umewaacha wanaelea!" mzee akafoka, machozi yakimlengalenga.

"Wachoree mawingu."

Akavaa kofia, akashuka ngazi polepole.