Nyuma ya Turubai

Kila alasiri Jémima alivua viatu vya shule, akaketi kwenye kigoda na kufanya kazi aliyopewa darasani. Siku hiyo Mwalimu Tharcisse alikuwa amewapa neno moja la Kiingereza, "seclusion", walieleze kwa mfano wa nyumbani. Kamusi ilisema: hali ya kuwa faraghani, mbali na watu. Je, hali hiyo ni njema au mbaya? Kamusi haikusema.

Mfano alikuwa nao, ila hakuruhusiwa kuutaja. Nyuma ya turubai lililogawa chumba, baba yake, Tata Mukuna, alikuwa amepasua sakafu ili achimbe madini ya kobalti, kama wengi pale mtaani Kasulo. Lakini wenzake walichimba wawiliwawili: mmoja alishuka, mwingine alishika kamba. Yeye alishuka peke yake, kamba akiifunga kiunoni na kwenye nguzo, majirani wasijue wala kudai mgawo.

"Mtu akiuliza, sema siko," alimwagiza. "Mambo ya nyumba hayatoki nje."

Punde jirani yao, Tata Josias, akabisha hodi.

"Mutoto, tata yako iko wapi?"

"Hayuko, Tata."

"Hayuko? Basi ni panya gani huyo anayegongagonga chini ya kitanda chenu?" Josias alicheka, akaenda zake.

Baadaye mlio wa sururu ulikoma. Jémima alifunua turubai, akaita. Kimya. Akatikisa kamba, haikutikiswa kutoka chini. Akipiga kelele, atavunja agizo la baba. Na akinyamaza? Alijikuta nje, miguu mitupu, anakimbia.

"Tata Josias! Nilikudanganya. Tata iko chini, hajibu!"

Josias na wanawe waliivuta kamba kwa pamoja. Mukuna alitoka amelegea kama gunia tupu. Hewa ilikuwa imemwishia shimoni. Walimpepea uani hadi akakohoa, kisha wakamkimbiza kituo cha afya.

Jioni, kituoni, Jémima alisimama kando ya kitanda cha baba yake. "Tata, unisamehe. Nimesema."

"Mi ndiye wa kuomba msamaha," alijibu Mukuna kwa sauti ndogo. "Kesho Josias atanisaidia kulifukia shimo."

"Lakini lile neno la mwalimu bado silielewi. Kujitenga ni kwema au kubaya?"

Baba alimwashiria asogee.

"Mtu akijitenga ili asali, asome au apumzike, mwache, ni haki yake, hata wewe unayo. Lakini mtu akikutaka ufiche hatari inayoweza kumuua, usimfichie, hata akiwa baba yako. Andika hivyo, mwanangu. Na mfano nautoa mimi: taja jina langu."