Bwana Hapana Aikataa Kazi ya Mchumba Wake

"Umenikataa mbele ya watu?"

Ofisi nzima ilisikia. Chiriku alikuwa amesimama kati ya meza za watu, kompyuta ameikumbatia kifuani kama mtoto ambaye mtu anataka kumnyang'anya.

"Nimeikataa kazi," mchumba wake akajibu bila kuinua kichwa. "Sijakukataa wewe."

"Soma basi ulichoandika! Kisome kwa sauti!"

"Unakijua."

"Haya, nasoma mimi. 'Sikubali. Mpangilio huu utaharibu mashine za zamani. Urudiwe.' Hata salamu hakuna! Unaniandikia kama unamfukuza mpangaji!"

Mtu wa meza ya dirishani akacheka, halafu akajifanya anakohoa.

Pale kazini walitengeneza mfumo unaoendesha kompyuta za mitambo: pampu za maji, lifti, mashine za wodini. Mchumba huyu wa Chiriku ndiye aliyesimamia sehemu ya memori, ile inayozigawia programu nafasi ili zisikanyagane. Hakuna badiliko lililoingia huko bila ridhaa yake, na kwa ugumu wake wenzake walimbatiza jina la Bwana Hapana. Chiriku naye alipata jina lake kwa sababu ya mdomo, na hakuona aibu nalo. Hao wawili walipendanaje, hakuna aliyeelewa. Ila walipendana, na Jumamosi ya wiki ile shangazi yake Bwana Hapana, aliyemlea tangu utotoni, alikuwa aende kwa kina Chiriku kuzungumza habari ya ndoa.

Sasa kazi iliyokataliwa ilikuwa hii. Juu ya kila faili la programu hutajwa mafaili mengine yanayoitwa heda. Hayo ndiyo yanayoliambia vitu gani vipo na vinaitwaje. Heda ya memori ilikuwa imenenepa kupita kiasi, kwa kuwa kila fundi aliyepita alitupia humo chake akaenda zake. Ukigusa mstari mmoja tu, mfumo mzima unajengwa upya, na watu wanaondoka kwenda kunywa chai. Chiriku alijitolea kuipasua ziwe heda ndogo ndogo, kila moja na shughuli yake. Kazi ya kuchosha ile, isiyo na makofi, na yeye aliifanya kwa moyo wake wote.

"Kwangu imejengeka vizuri," akasema, sauti imeanza kukatika. "Kompyuta haikulalamika hata kidogo."

"Inaweza kunyamaza na bado ikawa mbovu."

"Kama wewe!" Chiriku akadakia. "Mwambie shangazi yako Jumamosi asijisumbue."

Hapo ndipo Bwana Hapana alipoinua kichwa. Akafungua mdomo. Akaufunga. Chiriku akamsubiri, maana alitamani sana aseme neno, lolote lile. Mwanamume akabaki anatazama vidole vyake. Chiriku akachukua mkoba wake akatoka.

Nyumbani alimkuta mama yake anakunja nguo. Alijitupa kwenye kochi akalia, kisha akaeleza yote, na heda akazieleza kwa mfano wa kabati.

"Kwa hiyo umepanga kabati upya," mama akasema, "na mwenye nyumba hataki."

"Ndiyo, mama."

Simu ikaita. Alikuwa shangazi.

"Mwanangu, eti nisije?"

"Amekwambia nini, shangazi?"

"Huyo aniambie? Kaniandikia, 'Shangazi usiende, nimeharibu.' Nikimpigia hapokei. Kakufanya nini?"

"Shangazi, huyu mtu hajawahi hata kuniambia kwamba ananipenda."

"Jamani! Si nilikwambia mimi?"

"Ndiyo, ulinieleza wewe. Yeye je?"

Shangazi akaguna. Akaaga haraka haraka.

Simu ilipokatika, mama akamsogezea Chiriku shuka washike ncha wakunje pamoja.

"Nikuulize. Hilo kosa lipo au halipo?"

"Mama, nimekwambia, kompyuta haikulalamika."

"Sijauliza kama imelalamika. Baba yako, Mungu amrehemu, tulipooana alikuwa akiingia jikoni anatia chumvi ya kutosha harusi. Nikawa nameza tu nanyamaza. Akadhani naipenda, akawa anaongeza! Umeangalia?"

Chiriku akakunja ncha yake ya shuka. Hakuwa ameangalia.

Asubuhi alipitiliza moja kwa moja hadi stoo, kule ilikowekwa mashine moja ya zamani kwa ajili ya majaribio. Akaipakia kazi yake, akawasha. Taa zikawaka, maandishi yakaanza kushuka kwenye kioo, safi kabisa. Chiriku akatabasamu. Alishatoa simu apige picha, amtumie Bwana Hapana bila hata salamu.

Ghafla maandishi yakavurugika. Programu ya saa ikaandika kwenye nafasi ya programu ya jirani, ya jirani nayo ikaandika kwa mwenzake, na mashine ikaganda.

Chiriku akavuta kiti. Akafuata njia mstari kwa mstari mpaka akalikuta kosa. Faili linalogawa memori lilikuwa linauliza: ukubwa wa vipande vya memori umetajwa? Ukitajwa linautumia, usipotajwa linatumia ule wa kawaida. Mashine za zamani zina ukubwa wao tofauti, na ulikuwa umetajwa kwenye heda nyingine iliyokuja kwa mgongo wa ile heda nene. Lile faili lenyewe halikuwahi kuuomba. Chiriku alipoipasua ile nene, faili likaukosa, likachukua ukubwa wa kawaida na kuendelea kana kwamba hakuna kitu.

Akakumbuka mashine za wodini, nyingi zikiwa za zamani kama hii. Akashukuru pale pale, kwa sauti, akiwa peke yake stoo, kwamba kuna mtu aliyesema hapana. Kisha akamwandikia Bwana Hapana ujumbe kwa simu.

"Uko wapi?"

"Kwenye ngazi."

"Ngazi gani?"

"Za hapa nje ya stoo. Nilikuona ukiingia. Nimeogopa kukufuata."

Chiriku akacheka huku machozi yanamtoka. Akafungua mlango.

"Ingia wewe, usinitie aibu. Nimeliona kosa."

"Pole."

"Siyo pole. Asante. Umeniokoa, na umewaokoa watu ambao sitawajua kamwe. Nakushukuru kutoka moyoni." Akajifuta uso. "Lakini kwa nini usinivute pembeni ukaniambia?"

Bwana Hapana akakaa kwenye boksi la nyaya. Maneno yalimtoka moja moja.

"Ningekwambia pembeni, ungerekebisha, ningeipitisha, na watu wangesema umepitishwa na mchumba wako. Kazi ile ni nzuri mno. Sikutaka mtu apate cha kusema."

"Ni nzuri?"

"Sijaona nzuri kama hiyo tangu nianze hapa. Niliichukua nikaisoma hata nyumbani, siyo kwa kukagua, nilikuwa naifurahia tu."

"Na mbona hukuandika hilo?"

"Nilidhani unajua."

Chiriku akaweka mikono kiunoni.

"Ningejulia wapi? Wewe ndiye unayetuhubiria kila siku kwamba faili likitumia kitu, likitaje lenyewe, lisingoje kuletewa na jirani. Na wewe je? Kuwa unanipenda, kaniambia shangazi. Kuwa unanioa, kaniambia shangazi. Nikinuna, ananipigia shangazi! Niolewe na nani, wewe au yeye?"

Macho ya Bwana Hapana yakawa mekundu. Alimtazama mchumba wake, akaitazama ile mashine iliyoganda, akaitikia kwa kichwa polepole.

"Umesema kweli," akasema. "Mama alipofariki sikusema neno muda mrefu. Shangazi akawa ananisemea kwa watu. Tangu hapo nimezoea kusemewa."

Chiriku alikuwa hajalisikia hilo. Hasira yote ikamwisha. Akaketi kando yake kwenye lile boksi, wakakaa hivyo bega kwa bega.

"Jumamosi mje," akasema mwishowe. "Lakini sitaki kujibu maneno ya shangazi. Nikisikia yake peke yake, sitatoka chumbani. Nakwambia kweli."

"Nimesikia."

Kazi ikarekebishwa. Safari hii Chiriku alipita faili moja moja, akahakikisha kila moja linaomba kwa kinywa chake kila linachotumia, akajaribu kwenye mashine mpya na za zamani, kisha akaipeleka tena mbele ya wote. Jibu likaja ofisi nzima ikiwa inasoma:

"Habari za asubuhi. Nimeipitia yote na nimeikubali. Mara ya kwanza nilisema kosa nikaacha kusema mazuri, na hilo lilikuwa kosa langu. Hii ni kazi ya kupigiwa mfano, na ni ya Chiriku mwenyewe. Ninamshukuru."

"Habari za asubuhi?" mtu wa dirishani akashangaa. "Huyu ni mzima kweli?"

Jumamosi ikafika. Chiriku alikuwa chumbani nyuma ya pazia, roho juu. Alimsikia shangazi akiingia, akisalimu, akisifia mapazia, akikaa, akikohoa kama mtu aliyejiandaa.

"Dada yangu," shangazi akaanza, "tumekuja hapa, mimi na huyu mwanangu, kwa jambo la heri..."

Chiriku akafumba macho. Akahesabu yamekwisha.

"Shangazi, niwie radhi," sauti nyingine ikakatiza, inatetemeka. "Naomba niseme mwenyewe."

"Wewe?" shangazi akaropoka. "Mimi hotuba nimeitunga wiki nzima!"

"Nakushukuru, shangazi. Kwa hiyo hotuba na kwa miaka yote uliyokuwa mdomo wangu. Lakini hili ni langu." Akavuta pumzi. "Mama, mimi siyo msemaji. Binti yako nilimuumiza kwa kunyamaza. Alinifundisha, na namshukuru. Nampenda. Naomba kumuoa."

Mama akanyoosha kidole kuelekea pazia.

"Mbona unaniambia mimi? Mwambie yeye."

Pazia likafunguka kabla mwanamume hajainuka vizuri. Chiriku amesimama mlangoni, kanga ya mama mabegani, uso umelowa. Bwana Hapana akamgeukia. Hakumtazama shangazi.

"Nakupenda," akamwambia.

Na Chiriku, mwenye mdomo wake ule, akatafuta maneno asiyaone. Akashika mkono wa mwanamume kwa mikono yake yote miwili.

"Ndiyo," akasema. "Nami nakupenda. Asante."

Shangazi akapiga kigelegele huku analia, na mama akaenda kuongeza vikombe.