Mafundo Matatu ya Bi Colomba

Kila Agosti familia yetu hufunga nyumba Torino, hupanda treni na kushuka katika mji uleule mdogo wa pwani ya Liguria. Na kila Agosti mama husahau kitu kilekile: kifungulio cha makopo. Tukishafika, siku zetu hufanana. Baba anachemsha kahawa, mama anaandaa wali baridi wenye mayai na zeituni, mdogo wangu Tobia anatafuta kiatu kimoja, na mimi, Ludovica, nakimbia ufukweni kuwahi nafasi.

Kuwahi nafasi si mchezo. Sehemu kubwa ya ufukwe imeshikwa na wenye viti vya kukodisha. Katikati kimebaki kipande cha kokoto kisichozidi uwanja wa mpira wa wavu, na hicho ndicho cha watu wote. Sheria yake haijaandikwa popote, lakini hata watoto wa chekechea wanaijua. Kuanzia saa moja asubuhi, anayetangulia kutandika taulo au kusimamisha mwavuli, pale ni pake mpaka jioni, hata akienda zake kunywa kahawa. Kitu cha mtu hakiguswi.

Mwaka huo, nilipokuwa na miaka kumi na miwili, tulihitaji nafasi moja tu: ile ya chini ya ngazi, palipo na chuma cha kushikia kinachoingia mpaka majini. Babu Evasio alikuwa amepasuliwa goti mwezi wa Aprili. Daktari alimwambia atembee baharini kila siku, maji yakimfika kiunoni, na bila chuma kile asingeweza, maana kokoto zinateleza. Siku ya kwanza alipoingia na kutoka kwa miguu yake mwenyewe alilia, kisha akasema ni chumvi imemwingia machoni. Kazi ya kumwekea nafasi nilipewa mimi, na nilijivuna nayo kupita kiasi.

Siku ya tano nilikutana na rafiki yangu Ambra mlangoni pa duka la mikate. Ambra akianza kusimulia hana breki, na mimi nikisikiliza sina saa. Nilipofika ufukweni nikakuta mwavuli wa kijani wenye kiraka cha njano umesimama palepale, umefungwa kwenye chuma kwa kamba ya bluu.

Nilijua ni wa nani. Kila mtu aliujua. Ulikuwa wa Bi Colomba, mjane wa miaka themanini na mmoja aliyeishi juu kabisa ya ngazi. Kila mwaka alituletea tini za mti wake. Siku zote alikaa karibu na ukuta, lakini siku hiyo, kumbe, naye alitaka kuingia majini na binti yake aliyetoka Milano. Alikuwa ameweka vitu vyake mapema, akarudi nyumbani kumchukua.

Nilitazama huku na huku. Hapakuwa na mtu. Nikamfikiria Babu akishuka ngazi na fimbo yake halafu akose pa kushika. Nikaanza kufungua kamba. Fundo la kwanza likaachia, la pili likaachia, la tatu likanivunja ukucha. Nikaubeba mwavuli pamoja na taulo zake mpaka kwenye miamba ya mwisho, nikasimamisha wetu kwenye chuma.

"Leo nimewahi kuliko siku zote!" nilimwambia Babu alipofika, wala hakuwa ameniuliza.

"Wewe ndiye unayenipa bahari, mjukuu wangu," alisema, akanipapasa kichwa. Nilitamani asingesema.

Saa tatu Bi Colomba alishuka na binti yake, Marzia. Alikwenda moja kwa moja kwenye chuma, akasimama.

"Nimeuweka hapa," alisema.

"Mama, mwavuli wako ule kule miambani."

"Nimeuweka hapa, nikaufunga kwa kamba."

"Labda ulitaka kuufunga. Hapa hakuna anayegusa kitu cha mtu. Juzi umeacha jiko linawaka, ukaniapia umelizima. Mama, mimi Milano silali nikikuwaza."

Wiki nzima mtaa mzima ulikuwa umewasikia wakibishana. Marzia alitaka nyumba ifungwe, mama yake ahamie kwake. Bi Colomba alikuwa akijibu kwa sauti ya kuamsha majirani kwamba haondoki ng'o. Sasa aliweka mkono kwenye paji la uso, akatazama chuma, akatazama miamba, akatazama tena chuma.

"Basi," alisema kwa sauti ndogo. "Labda ni kweli unavyosema. Jumamosi tutaondoka wote."

Halafu akatugeukia, akatoa mfuko wa tini kwenye kikapu. "Kuleni, wanangu. Mwakani sijui nani atauchuma mti wangu."

Sikuweza kumeza hata moja. Wakati wa chakula nao nilichezea wali tu. Mama alinishika shingo akasema, "Huyu jua limempiga," akanikalisha kivulini kando ya Babu. Tobia alikuwa akiuliza kila dakika kama saa tatu za kungoja chakula kishuke zimekwisha, apate kuogelea. Mimi nilikuwa nasikia sauti moja tu, ile ndogo ya Bi Colomba.

"Babu," nilisema mwishowe, "leo sikuwahi."

Nikamweleza yote. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alitazama kiti alichokalia, akainuka haraka kama kimemchoma.

"Kwa hiyo tangu asubuhi nimekaa mahali pa Colomba."

"Nilifanya kwa ajili yako, Babu. Goti lako..."

"Goti langu usilisingizie. Goti halikufungua kamba ya mtu."

"Utamwambia wewe?"

"Mimi? Kosa ni lako na mdomo ni wako. Lakini twende wote, maana aliyekaa ni mimi."

Ngazi za kwenda kwa Bi Colomba ni mia moja na kumi na nne. Najua, kwa sababu siku hiyo nilizihesabu moja moja nikiwa nimemshika Babu kiwiko. Alipumzika mara nne. Kila alipouma meno kwa maumivu, nilimsihi turudi, naye akajibu, "Panda."

Mlango ulikuwa wazi. Sanduku lilikuwa juu ya kitanda, Marzia akikunja mablanketi. Bi Colomba alikaa kwenye kiti akichagua picha za kubeba. Nilisema haraka, bila kuvuta pumzi: mwavuli aliuweka kwenye chuma, mimi ndiye niliyeuhamisha, na asubuhi nilinyamaza nikimwona anahangaika.

Marzia aliacha blanketi. "Unasema nini wewe mtoto?"

Bi Colomba aliinua mkono kumnyamazisha. "Kamba yangu ilikuwa ya rangi gani?"

"Ya bluu."

"Mafundo mangapi?"

Nilimwonyesha ukucha. "Matatu. La tatu ndilo lililonivunja."

"Matatu!" Aliinuka, picha zikamwagika sakafuni. "Marzia, umesikia? Mafundo matatu! Tangu niolewe nafunga matatu!"

Alicheka, kisha akalia, kisha akanigeukia, na safari hii macho yake yalikuwa makali. "We mtoto, unajua nimejiuliza nini tangu asubuhi? Nimejiuliza kama kesho nitalikumbuka jina langu. Ungeniambia babu yako anahitaji chuma, ningekusogezea. Pale tunatosha sote."

"Nisamehe, Bibi," nilisema, nami machozi yakanitoka.

Marzia alikaa juu ya sanduku. "Na jiko je, Mama?"

"Jiko nililisahau, sikatai. Nina miaka themanini na mmoja. Wewe una hamsini, na tangu asubuhi unatafuta miwani iliyo kichwani mwako."

Marzia alijishika kichwani, akaikuta miwani. Alicheka mpaka akafuta macho. Walizungumza kwa muda mrefu, wakakubaliana. Jirani angepita kila jioni kuangalia jiko, Marzia angepiga simu kila siku, na Bi Colomba angebaki nyumbani kwake.

Tulishuka polepole kuliko tulivyopanda. Katikati ya ngazi Babu alikaa ukutani, akaniketisha kando yake.

"Ludovica, najua ulifanya kwa kunipenda. Lakini ulinipa kitu cha mtu mwingine, halafu ukanidanganya ili nikifurahie. Ungesema palepale asubuhi, tungekuwa na mwavuli mmoja tu wa kurudisha. Ulinyamaza saa chache, na mwanamke mzima akaanza kufungasha nyumba yake. Ukikosea, sema mapema, kabla kosa halijamfikia mtu ambaye hata hukumkusudia."

Goti lake lilivimba. Siku mbili hakuingia baharini, nami nilimbadilishia barafu nikiwasikia wenzangu wakipiga mbizi. Nilistahili.

Jumamosi treni ya Milano ilimchukua Marzia peke yake. Asubuhi hiyo nilifika ufukweni saa moja na dakika tano, lakini mwavuli wa kijani ulikuwa umekwishatangulia. Bi Colomba alikuwa amekaa chini yake, amesogea pembeni, na nusu ya chuma ilikuwa tupu.

"Umechelewa," alisema. "Lete huo mwavuli wenu."

Alinipa kipande cha kamba ya bluu. Nilifunga fundo la kwanza, nikafunga la pili, nikakaza. Bi Colomba alinitazama juu ya miwani yake.

"Na la tatu?"

Nikafunga la tatu.