Askari Aliyeliwa Njiani

Mfupa uliruka kwanza, mapenzi yakafuata nyuma.

Ilikuwa saa tano ya asubuhi, soko limefurika, watu wanapigana vikumbo, na jamaa mmoja amekwapua mkoba wa mama mjamzito. "Mwizi! Mwizi huyo!" Kwenye bucha la kona alikuwepo dada mmoja mkata nyama, mrefu, mabega mapana kama mlango, koti jeupe limelowa damu mpaka magotini, na hereni zinaning'inia kama anakwenda harusini. Wenzake walimwita Shoka, na si kwa sababu ya lile alilokuwa amelishika. Huyu mkono wake ulitangulia, akili ikafuata. Akanyakua mfupa wa paja la ng'ombe, akauvurumisha.

Mwizi akainama. Mfupa ukapita juu yake, ukamkuta kijana mtanashati, shati la bluu limepigwa pasi likanyooka, anapita zake na kisanduku kwapani. Paa! Miwani ikaruka kule, kisanduku kikafunguka, na kete za chesi zikamwagika sakafuni kwenye maji na damu.

"Kaka! Kaka yangu, samahani, nilikuwa namlenga mwizi!"

Kijana ameketi chini, unyusi umepasuka. "Mwizi yuko wapi?"

"Ameshakimbia."

"Na mimi nimepigwa na nini?"

"Ng'ombe."

"Aisee. Niliambiwa nijihadhari na wezi wa hapa. Ng'ombe waliochinjwa hawakutajwa."

Shoka akaangua kicheko, huku amepiga magoti anaokota kete na kuzifuta kwa aproni, ambayo ndiyo kwanza ilizidi kuzitia damu. Akainua moja. "Huyu farasi naye kaumia?"

"Huyo mzima. Akili yangu ndiyo inazunguka."

"Basi nifundishe mchezo wako kabla hujazimia."

Kijana alikuwa fundi wa kutengeneza miwani, ana kibanda chake vichochoro viwili kutoka pale, na soko zima lilimwita Miwani. Tangu siku ile, kila saa kumi jioni nyama ikiisha, Shoka alijisugua mikono mpaka viwikoni, akavaa gauni la njano, akajipulizia manukato mpaka mwenye bucha akapiga chafya, halafu huyoo, kwa Miwani.

"Huyu mdogo ni askari. Anatembea mbele tu, ila akila, anakula mshazari."

"Anaangalia huku, anapiga kule? Huyo nimewahi kuwa naye miezi mitatu."

"Sikiliza wewe! Huyu malkia. Anakwenda anakotaka, anamla yeyote."

"Ndiye mimi. Na mfalme?"

"Hatua moja moja. Akinaswa, mchezo umekwisha."

"Hafanyi kitu, halafu wote wanakufa kwa ajili yake. Ndiye wewe, mpenzi."

Lile neno lilimponyoka. Wote wawili wakakodolea macho ubao kana kwamba ndio uliosema.

Siku ya sita Shoka akauliza, "Kanuni zimeisha?"

"Imebaki moja ya askari, ndogo tu. Nitakwambia kesho."

Kesho yake ndiyo wakabusiana mara ya kwanza, nyuma ya lile bango la herufi za kupimia macho. Sasa hapo nani angekumbuka kanuni?

Jioni ileile Shoka akamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. "Baba yangu alikuwa mwepesi wa mkono. Mama ana meno manne ya bandia. Mimi nakata nyama kutwa nzima ili mkono uchoke kabla sijarudi kwa watu. Ninachoogopa duniani ni kimoja, kuwa yeye."

Miwani akaushika ule mkono, akaubusu. "Huu? Huu umenipa mchumba."

Jumapili iliyofuata chama cha wacheza chesi kilikutana kwenye ukumbi wa shule, na Miwani alitaka wamwone mpenzi wake. Shoka alivaa gauni jekundu linaloburuza, midomo myekundu, nywele zimesukwa zikaenda juu. Wakata nyama saba walimsindikiza na makoti yao ya kazi, wakapiga kelele kama uwanja wa mpira.

"Mle huyo! Mle farasi!"

"Shemeji, leo unachunwa ngozi!"

Na kweli, Shoka alikuwa anaongoza. Akamsukuma askari wake wa pembeni hatua mbili kwa mpigo, akampita askari wa Miwani aliyekuwa anamvizia, akaegemea kiti kwa madaha. Miwani akatabasamu. Akamsogeza askari wake mshazari, kwenye mraba mtupu kabisa, mraba usio na mtu! Kisha akamwondoa ubaoni askari wa Shoka, taratibu, kwa vidole viwili.

Wakata nyama wakanyoosha shingo kuutazama ubao.

"Umefanya nini?" Shoka aliuliza.

"Nimemla."

"Umemlaje? Hukumgusa! Amesimama pembeni yako!"

"Mpenzi, ndiyo ile kanuni..."

"Kanuni gani? Jana haipo, leo ipo?"

Nyuma mkata nyama mmoja akapayuka, "Anakufanya mjinga mbele za watu!" Wacheza chesi wawili wakacheka. Miwani naye, masikini, akacheka, ile ya aibu tu, akanyoosha mkono amtulize.

Mkono wa Shoka ukawa umeshafika. Aliushika ubao wa mbao nzito kwa pembe moja, akaushusha kwa nguvu zote. Pembe ikampata Miwani chini ya jicho. Kioo kikapasuka, mfupa ukalia, damu ikaruka mpaka kwenye lile gauni jekundu, na hapo haikuonekana hata kidogo. Akaanguka na kiti chake. Shoka akauinua ubao mara ya pili.

Mara ya pili! Hilo ndilo lililokuja kumnyima usingizi.

Wacheza chesi wakamrukia. Wakata nyama nao wakawarukia wacheza chesi. Meza zikapinduka, mtu akang'atwa sikio, mwingine akatemea meno mawili kiganjani, mwenyekiti wa chama akaburutwa kwa tai. Katikati ya vurumai mama mmoja mwembamba, mwalimu wa hesabu aliyekuwa mwamuzi, alipanda juu ya kiti na kijitabu, akasoma kwa sauti ya darasani: "Askari akiruka hatua mbili na kumpita askari wa adui, adui anaruhusiwa kumla papo hapo, kana kwamba ameruka moja!"

Ngumi zikasimama hewani. Miwani alikuwa keshatolewa, ameshika uso kwa mikono yote miwili, damu inapita kati ya vidole.

Shoka akampigia Miwani simu. Haikupokelewa. Akapiga mara kumi na moja. Akampigia mama yake.

"Mama, nimempiga."

"Alikufanya nini?"

"Hakunifanya kitu, mama."

Kisha mama akasema pole pole, "Baba yako naye alikuwa analia hivyohivyo baadaye," akakata simu.

Siku ya nne Miwani akapokea. "Wameshona nyuzi tisa. Jicho linaona," alisema. "Usije hospitali."

Shoka hakuenda. Alienda kwa yule mwalimu wa hesabu, akamkuta anasahihisha madaftari. "Mama, nifundishe kanuni zote. Hasa zile za kuudhi." Mwalimu akamtazama mikono. "Nitakufundisha. Ila ujue hukumpiga kwa kukosa kanuni." Shoka akainama. Alijua.

Baada ya wiki tatu akasimama mlangoni kwa Miwani. Kovu jekundu limemkata Miwani shavu, na alikuwa anakaza skrubu ndogo kama chembe ya mchanga. Joto lilikuwa kali, Shoka akainua mkono kutoa kitambaa kichwani.

Miwani akajikunyata. Bega likapanda, macho yakafumba, bisibisi ikaanguka.

Hakuna kofi lililowahi kumuuma Shoka kama lile jambo. Akarudi nyuma mpaka barabarani, mikono mgongoni.

"Sikuja kuomba unirudie," alisema. "Nimekuja kusema ulikuwa hujakosa. Hata ungekuwa umeniibia kweli, ulikuwa hujakosa."

Miwani aliokota bisibisi muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Nakupenda bado. Na nakuogopa. Hivyo viwili haviwezi kulala kitanda kimoja."

"Najua."

"Lakini simu haina mikono." Akakohoa. "Panga ubao kwako, mimi naupanga kwangu. Nipigie, utaje kete."

Basi wakaanza. Shoka buchani, ubao juu ya ndoo. Miwani kibandani, ubao kati ya fremu. "Farasi, mbele ya askofu." "Umekula leo, Shoka?" "Nimekula. Usinipoteze mawazo." "Ngome yangu inakusalimia." "Mwambie ngome aende zake, muhuni yule!" Wateja walisubiri nyama, hawakulalamika, walitaka kujua nani anashinda. Shoka alishindwa mara tisa mfululizo.

Mwezi wa pili Miwani akasema, "Nimechoka na simu. Nije leo?"

Roho ikamruka Shoka. Angeweza kusema njoo. Nani angejua? "Usije," alisema. "Juzi nimemtandika teke mwenzangu kwa kunichukulia kisu. Bado."

"Asante kwa kuniambia. Zamu yako."

Mvua zikaja, zikaisha. Jioni moja Shoka akapiga, na hakutaja kete. "Miezi mitano," alisema. "Tangu lile teke. Muulize yeyote hapa sokoni."

"Nimeshauliza," alisema Miwani. "Geuka."

Alikuwa amesimama kati ya mapaja ya ng'ombe yaliyoning'inizwa, shati la bluu, miwani mpya, simu sikioni. Akaja mpaka ubavuni mwake. Shoka alikuwa ameificha mikono ndani ya mifuko ya koti.

"Itoe," alisema Miwani. "Nataka kukuoa, siwezi kuoa mifuko."

"Subiri. Ukiona mkono wangu umepanda, hata mara moja, hata kama nalia, hata kama tuna watoto, usiningoje. Ondoka."

"Nitaondoka."

"Hutarudi kunisikiliza."

"Sitarudi."

"Apa."

Akaapa, mbele ya wakata nyama saba na foleni ya wateja. Ndipo Shoka alipoitoa mikono, akasema ndiyo.