Kona ya Lupando

Julai ya mwaka 1999, asubuhi moja, ukungu ulishuka sokoni Tukuyu hadi wauza ndizi wakawa wanaitana bila kuonana. Mbele ya rundo la makoti ya mitumba alisimama msichana aliyevaa gauni jepesi la maua ya njano na viatu vya wazi, meno yakigongana. Aliitwa Hellen Semkiwa. Alizaliwa Muheza, akasomea mipango miji Dar es Salaam, na sasa alikuwa na wiki tano tangu apangiwe kazi wilayani Rungwe. Kwapani alibana karatasi ndefu iliyokunjwa kama bomba na kufungwa kwa nailoni.

"Dada, baharini ni upande ule," alisema muuzaji akionyesha kwa kidevu. "Huku kwetu hatuvai hivyo mpaka Novemba."

"Kaka, nauliza bei, siulizi njia."

Muuzaji akacheka. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mrefu, amevaa sweta la kijani lenye kiraka cha ngozi kiwikoni na kofia ya sufu. Akachomoa koti la buluu lenye vifungo vikubwa, akalikung'uta mara mbili, akamvisha begani kabla hajakataa.

"Hilo limekungoja wewe. Huo kwapani ni mkeka?"

"Ni mji."

"Mji?"

"Viwanja mia mbili na kumi na viwili. Vinakuja Lupando, kule mtelemkoni."

Kijana aliisogelea ile karatasi. Alikuwa mtu wa kutaka kujua mambo, na tangu chama cha ushirika alichokuwa karani wake kifungwe, hakuna aliyemletea sokoni neno jipya kama hilo. "Nionyeshe," alisema.

Hellen hakujua kwa nini alikubali. Alikunjua mchoro juu ya rundo la nguo. Barabara zilinyooka kutoka juu ya mlima hadi chini bondeni, nyingine zikazikata, na katikati vikakaa vitalu vya mraba, kila kimoja na herufi yake. Kijana aliinama juu ya karatasi muda mrefu, hata mteja mmoja akachoka kungoja akaondoka.

"Pazuri," alisema mwishowe. "Maji yanapita wapi?"

"Kwenye mitaro, kandokando ya barabara."

"Na mama aliyebeba mkungu wa ndizi, anapita wapi?"

"Barabarani, kama watu wote."

"Hii hapa? Inayopanda kama ngazi?" Akaweka kidole kwenye barabara ya tatu. "Dada, umewahi kufika Lupando?"

Hellen alihisi mashavu yakipata moto licha ya baridi. Alikuwa amefika mara moja, ndani ya gari la ofisi, mvua ikinyesha, akaishia kutazama kupitia kioo.

"Njoo Jumamosi," alisema kijana. "Naitwa Anyosisye Mwaisumo. Nimekulia upande ule. Na uje na viatu."

Jumamosi Hellen alifika na mabuti ya mpira na koti la buluu. Anyosisye alimpa ndoo ya maji lita kumi.

"Ya nini?"

"Panda nayo moja kwa moja, kama barabara yako ya tatu."

Hellen alipanda hatua arobaini. Ya arobaini na moja aliteleza, nusu ya maji ikamwagika, akakaa chini kwenye nyasi zilizolowa akihema na kucheka. Maji yale yalikimbia mtelemkoni, yakaingia korongo lililochimbwa na mvua za El Nino mwaka uliotangulia. Anyosisye alimwinua, akampitisha kwenye njia ya miguu iliyozunguka mlima taratibu, ikipinda hapa, ikirudi pale. Kwa njia hiyo walifika juu wakiongea.

"Nani alipanga njia hii?" aliuliza Hellen.

"Hakuna. Bibi, na bibi wa bibi. Kila mtu aliyechoka alipinda kidogo."

Hellen alitoa daftari. Aliuliza maswali mpaka kidole kikamuuma kwa kuandika. Kwa nini njia inaachana pale? Nani anapita hapa asubuhi? Watoto wanaokwenda shule wanakatisha wapi? Anyosisye alijibu mengine. Mengine alikiri hajawahi kujiuliza, wakaenda kuyatazama pamoja.

Kwenye shamba la migomba walimkuta mama mmoja mwenye kitenge cha zambarau akipalilia. Anyosisye alimsalimia kwa Kinyakyusa, wakasemezana kwa haraka. Yule mama alimtazama Hellen kuanzia mabuti hadi nywele, akaangua kicheko, kisha akawaletea ndizi za kuchoma kutoka jikoni kwake, kibanda cha miti nyuma ya nyumba.

"Ndaga fijo," Hellen alishukuru kwa maneno mawili aliyokwisha kujifunza, na mama akacheka zaidi. Walikaa chini ya migomba, mvua ya rasharasha ikigonga majani bila kuwafikia. Hellen alijisikia kama mtu aliyefika nyumbani.

"Amesema nini?" aliuliza walipoondoka.

"Amesema mabuti yako yana udongo wa kutosha."

Kuanzia wiki ile simu ya Idara ya Ardhi haikupumzika. Anyosisye alipiga kutoka kwenye simu ya kadi pale posta, na Veronika, katibu muhtasi, aliishika sauti yake.

"Halo, Ardhi. Ndiyo, yupo. Hellen, mjumbe wa migomba!"

"Halo?"

"Mhandisi wangu, umeamkaje?"

"Mimi si mhandisi. Na usiniite wako ofisini."

"Basi nikuite wapi?"

"Saa kumi na nusu, pale kwenye chai." Kisha kwa sauti ya chini, "Na njoo na lile jibu. Kwa nini watu wa kule juu hawapiti kisimani?"

"Hellen, mwanamke mwingine angeuliza kama nampenda."

"Hilo nitauliza baada ya kisima."

Alichora upya kwa miezi miwili. Barabara zilizokuwa zinateremka alizilaza zifuate mlima, vitalu vikawa virefu na vyembamba kama ndizi, njia za miguu zikabaki pale zilipokuwa. Kila Jumapili baada ya ibada walitembea Lupando, yeye na koti lake, Anyosisye na kofia yake, na Oktoba ilipofika walikuwa wanashikana mikono bila kuangalia nyuma. Bosi wake, Bwana Lukasi, aliutazama mchoro mpya akasema hajawahi kuona mtaa uliopinda hivyo ila anaupenda.

Mkutano wa wananchi ulifanyika darasani, shule ya msingi, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Ambindwile. Hellen alibandika mchoro ubaoni na kueleza. Watu walitikisa vichwa kwa kukubali, hadi aliposimama Ackson, mwenye shamba la chai.

"Mwenyekiti, mimi nauliza kitu kidogo," alisema. "Barabara ya tatu ilikuwa ipite kwa mama Tusekile. Sasa imefika kwake ikaota kona, ikaingia kwenye chai yangu. Nani asiyejua kwamba mtoto wa Tusekile ni yule muuza mitumba? Na nani hajaona anatembea na nani kila Jumapili?"

Darasa lilichemka. Hellen aligeuka kuutazama ubao. Ile kona, ile migomba, yule mama wa kitenge cha zambarau. Bwana Lukasi alinong'ona kwamba mkutano uahirishwe na mchoro uhakikiwe.

Nje, Anyosisye alikuwa anamngoja kwenye ua wa shule.

"Yule mama aliyetupa ndizi ni nani?" aliuliza Hellen.

"Ni mama yangu."

"Miezi mitatu! Nimekaa kwake, nimekula kwake, nimemsifu mbele yako, na hukusema!"

"Hellen, nisikilize. Kwetu ukimpeleka msichana kwa mama yako ukasema huyu ni mama, umeshatamka kwamba unamwoa. Siku ile nilikuwa nakujua kwa siku tatu."

"Na miezi mingine yote?"

Anyosisye alivua kofia. Alikuwa amengoja siku nzuri, na kila Jumapili ilipopita ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu.

"Ulitaka kona," alisema Hellen. "Umeipata. Usinipigie tena."

Alipiga. Veronika alimjibu, "Hayupo," huku Hellen akiwa ameketi mbele yake anatazama dirishani. Alipiga Jumanne, akapiga Alhamisi, akapiga wiki iliyofuata.

"Leo amesema kadi imebaki dakika moja," Veronika alieleza akifunika simu kwa kiganja. "Hellen, mwenzangu, dakika moja tu."

"Mwambie hela ya kadi nyingine anunue chumvi."

Usiku hakulia, wala mchana. Kilichomtesa ni swali. Kona ile ilikuwa ya kweli au ya uongo? Kama Anyosisye alimdanganya, basi mlima wenyewe ungesema. Aliomba kifaa cha kupimia mwinuko, kile chenye miguu mitatu, akaenda Lupando na wapimaji wawili, akapima barabara ya tatu hatua kwa hatua kwa siku tatu, kana kwamba hajawahi kufika.

Siku ya tatu alisimama nyuma ya jiko la mama Tusekile, akavisoma vipimo mara mbili. Barabara kweli ilitakiwa kupinda. Ila haikutakiwa kuingia kwa Ackson. Mlima ulitaka ipite hapo hapo aliposimama, juu ya kile kibanda cha jiko na safu mbili za migomba. Alifungua daftari la ile Jumamosi ya kwanza. Kwa mwandiko wake mwenyewe ilikuwa imeandikwa: *Anyo anasema njia ya zamani inapita nyuma ya jiko.*

Anyosisye alisema kweli tangu siku ya kwanza. Aliyeikunja barabara ni Hellen mwenyewe. Aliisogeza kwa penseli, mita kumi na moja, bila sababu yoyote ya kitaalamu, kwa kuwa alipapenda pale chini ya migomba na hakutaka pakatwe.

"Gwe mwana, mbona umesimama kama mgonjwa?" Mama Tusekile alikuwa mlangoni, jembe begani.

"Mama, barabara inatakiwa ipite kwenye jiko lako."

"Najua. Anyosisye alisema toka siku ile ya kwanza. Nikamwambia jiko ni miti, miti inahama." Akashusha jembe. "Nikamuuliza, huyu msichana nani? Akasema, mama, kaa kimya kwanza, nampenda, asije akaogopa. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Sasa mmenuniana, mimi nimekaa kimya mpaka nimechoka!"

Hellen alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akalia. Mama Tusekile hakumbembeleza sana. Alimsukumia chungu cha maharage amenye.

Mkutano wa pili darasa lilijaa hadi madirishani. Hellen alisimama na koti lake la buluu, akasema bila kuzungukazunguka. "Barabara ya tatu niliichora vibaya. Hakuna aliyenituma. Nilipapenda mahali, nikaacha vipimo. Mzee Ackson, utabaki na chai yako. Mama Tusekile atapoteza jiko na safu mbili za migomba, na sheria inasema alipwe fidia. Aliyenionyesha njia sahihi tangu mwanzo ni Anyosisye Mwaisumo, na nilimtukana kwa hilo."

Bwana Lukasi aliitazama dari. Alikuwa na haki ya kumwandikia barua ya onyo, na kweli wiki ile alimwandikia.

Mzee Ambindwile alikohoa. "Ackson, umeridhika?"

"Nimeridhika," alisema Ackson. Akafikiri. "Hata hivyo yule kijana ana bahati mbaya. Mwanamke anapenda migomba ya mama yake kuliko yeye!"

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Anyosisye, aliyekuwa amesimama dirishani kwa nje, hakucheka. Alimngoja mlangoni hadi watu wote wakatoka.

"Nilikosa," alisema. "Ningesema mapema."

"Na mimi ningeuliza. Nauliza kila kitu, hilo sikuuliza."

"Na lile swali la baada ya kisima?"

"Nimejibiwa na mama yako."

Mchoro ulipita. Machi mwaka uliofuata vigingi vilisimikwa, na fomu za kuomba viwanja zikaanza kutolewa. Foleni ilitoka Idara ya Ardhi ikazunguka jengo hadi kwenye miti ya mikaratusi. Anyosisye alipanga foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi, nyuma ya walimu, wauguzi na wakulima wa Kinyala na Suma. Hellen alikuwa dirishani akipokea fomu, naye hakumwita mbele hata alipomwona, jambo ambalo wengi waliligundua.

Saa tano zamu yake ikafika.

"Jina," alisema Hellen bila kuinua uso.

"Anyosisye Mwaisumo."

"Kitalu?"

"Chochote kwenye barabara ya tatu."

"Kupata ni kwa kura, kaka. Na fomu hujaijaza yote. Hapa kuna nafasi ya mwombaji wa pili, umeacha wazi."

"Sijaacha wazi. Namngoja mwenyewe aseme."

Kalamu ya Hellen ilisimama. Nyuma ya Anyosisye mwalimu mmoja alianza kunung'unika, kisha akaelewa, akamgusa aliye nyuma yake. Ndani ya ofisi mashine ya chapa ya Veronika ilikoma ghafla.

"Mimi siwezi kuishughulikia fomu yenye jina langu," alisema Hellen polepole. "Ni kinyume cha taratibu."

"Kwa hiyo?"

Hellen aliinuka. "Bwana Lukasi!" aliita. "Naomba uje kukaa dirishani."

Kisha akatoka kwa mlango wa mbele, akapita foleni yote ya watu waliokuwa wakimtazama, akasimama ubavuni mwa Anyosisye, akachukua kalamu mkononi mwake.