Ngazi Ishirini na Mbili

Kila asubuhi, baada ya uji, Nelius alimsukuma mume wake mpaka mwisho wa mji wa Rugaka. Hapo barabara iliishia. Chini yao lilitandaa ziwa kubwa lililotokana na bwawa. Nelius alikaa juu ya jiwe akichambua ndengu. Mzee Ndambiri alikaa kwenye kiti chake cha magurudumu, macho yake ng'ambo.

Ng'ambo aliishi Lydiah, dada yake wa pekee. Hawakuwa wameonana kwa miaka miwili, tangu Ndambiri apoteze nguvu za miguu. Boti za kuvuka zilikuwepo, lakini zilisimama chini kabisa, kwenye matope. Ndambiri hakuweza kushuka. Magoti ya Lydiah nayo yalimsumbua, hakuweza kupanda ule ukingo mkali. Vijana wa boti walitaka kumbeba mzee mgongoni. Alikataa katakata.

"Mimi si gunia la mahindi," alisema.

Basi ndugu hao wawili wakawa wanasalimiana kwa simu, huku kila mmoja akipunga leso upande wake. Ungewaona ungecheka. Nelius hakucheka, kwa sababu Ndambiri akikata simu aliendelea kuishika leso mpaka saa ya chakula.

Kisha habari njema zikafika. Ufuo wa ziwa ungejengwa upya. Kungekuwa na gati la boti, stendi ya magari, njia ya kutembea, viti na miti ya kivuli. Mchoro ulibandikwa kwenye ubao wa soko.

Jioni moja Carol, jirani yao, alimkuta Nelius akianua ndengu. Carol alikuwa akifanya kazi katika ofisi ya mipango ya mji.

"Mama, umeona ule mchoro?"

"Nimeuona. Ni mzuri. Hata maua yako."

"Na mzee atafikaje kwa boti?"

Carol akafungua picha ya mchoro kwenye simu yake. Wakahesabu pamoja, kidole kikishuka polepole. Kutoka barabarani mpaka kwenye gati kulikuwa na ngazi ishirini na mbili. Njia nyingine haikuwepo. Nelius alihisi moyo wake ukishuka nazo.

"Si ulienda mkutano wa kwanza wa kutoa maoni?" Carol akauliza.

"Nilienda. Nikaandika jina, nikapewa soda na mkate, nikarudi nyumbani."

"Hukusema kitu?"

"Niseme nini mbele ya mainjinia? Kiswahili changu ni cha kuuza ndengu."

Carol alicheka, kisha akamshika mkono. "Sikia, mama. Jina lako kwa daftari linasema ulifika. Halisemi shida ya mzee. Mkinyamaza, wenye kuchora watafikiri kila mtu hapa ana miguu mizima."

"Lakini wameshachora."

"Wamechora kwa karatasi. Simiti bado haijamwagwa. Ndiyo maana wanatuita, tuseme kabla hawajajenga. Alhamisi ni mkutano wa mwisho. Unaweza kusema kwa mdomo ama upeleke barua. Na ukitaka, ongea Kimbeere, lugha yetu. Mimi nitatafsiri."

"Sasa niombe nini?"

"Omba njia ya mteremko, isiyo na ngazi. Isiwe kali. Kila mita moja ya kushuka, njia iwe na urefu wa mita kumi na mbili. Ikiwa fupi kuliko hapo, kiti kitakutoroka. Iwe na vyuma vya kushika pande zote mbili. Na iwe na mahali tambarare pa kupumzika."

"Moja kwa kumi na mbili," Nelius alirudia. Aliirudia akipika, akairudia akilala.

Alhamisi alimsukuma Ndambiri mpaka kwenye ukumbi. Mlangoni wakakwama. Palikuwa na ngazi tatu.

"Mama, ingia tu," alisema mhandisi Nyaga, aliyeongoza mkutano. "Mzee atakungoja hapo nje." Alisema kwa upole. Hakuwa mtu mbaya.

"Ingia," Ndambiri naye alimwambia mke wake.

Nelius hakuingia. Akasema kwa Kimbeere, kwa sauti ya sokoni. Carol akatafsiri:

"Hizi ni ngazi tatu tu, na mume wangu amebaki nje. Kule mmechora ishirini na mbili. Dada yake yuko ng'ambo. Mnataka wazikane bila kuonana?"

Kisha mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, "Hata mimi hizo ngazi zitanimaliza." Mwenye mkokoteni naye akadakia.

Nyaga alichukua mchoro, akatoka nje. Watu wote wakamfuata. Akautandaza juu ya magoti ya Ndambiri, akampa penseli.

"Mzee, nionyeshe."

Nelius akataja vipimo vyake bila kukosea. Ndambiri akachora njia ndefu inayozunguka polepole. Katikati aliweka alama ndogo.

Ujenzi ulichukua zaidi ya mwaka mmoja. Ngazi zilijengwa, na kando yake njia ya mteremko. Wenye mikokoteni waliifurahia. Watoto waliigeuza uwanja wa kukimbizana, na jioni watu wa mjini walishuka kupunga upepo.

Siku gati lilipofunguliwa, Lydiah alivuka kwa boti ya kwanza. Akashika chuma, akapanda hatua moja moja. Kutoka juu, Nelius alikishusha kiti taratibu. Walikutana katikati, mahali tambarare, penye benchi. Nelius akafunga breki, akageuka kutazama maji ili wasione machozi yake.

"Umezeeka," Lydiah alimwambia kaka yake.

"Na wewe je?"

Wakashikana mikono. Lydiah akaketi, akavuta pumzi ndefu.

"Afadhali kuna benchi," alisema. "Magoti yalikuwa yamekataa kabisa. Nani alijua nitachokea hapa?"

"Ni mimi," Ndambiri alisema. "Nilichora kiti chako."