Kandambili ya Mama Mkwe

Kila asubuhi nyumbani kwa Mama Pacha kulikuwa na vita vya viatu. Pacha wake wawili walikuwa na miguu minne, lakini viatu vilivyoonekana vilikuwa vitatu tu. Cha nne kilikuwa uvunguni, au mdomoni mwa mbwa wa jirani.

"Mama yenu anatengeneza viatu vya nchi nzima," bibi yao alikuwa akiwatania, "na nyie mnatembea pekupeku!"

Alisema kweli. Mama Pacha alifanya kazi katika kiwanda cha kandambili. Alikaa kwenye meza ya ukaguzi. Kazi yake ilikuwa kuvuta mkanda wa kila kandambili mara tatu. Mkanda ukichomoka, kandambili inarudishwa. Ukishika, inapigwa muhuri wa meza yake chini ya soli, kisha inaingia kwenye katoni.

Siku hizo mikanda mingi ilikuwa inalegea. Mashine ya kutoboa soli ilikuwa imechakaa, na matundu yalitoka makubwa mno. Kila mfanyakazi alijua, lakini hakuna aliyethubutu kusema. Mwaka uliopita fundi mmoja aliisimamisha mashine hiyo, na mwenye kiwanda akamkaripia mbele ya wenzake wote. Tangu hapo watu walifunga midomo. Pale mezani wakaanza kuvuta mkanda mara moja tu, polepole, kana kwamba wanamwamsha mgeni. Kisha wakasema neno lao: "Itapita."

Mama Pacha naye alilisema neno hilo. Alilisema mara nyingi kwa siku.

Jumamosi moja mama mkwe wake, yule bibi wa pacha, alivaa kandambili mpya. Alikuwa amezinunua mwenyewe dukani, kwa kuringia kazi ya mkwe wake. Alikuwa anatoka bombani na ndoo ya maji kichwani. Ghafla wakasikia kishindo. Mama Pacha akatoka mbio. Alimkuta amekaa kwenye tope, ndoo imelala ubavu, na mguu umeanza kuvimba. Mkononi ameshika kandambili, mkanda unaning'inia.

"Hii si kandambili," mama mkwe alisema huku ameuma meno. "Hii ni kandamoja!"

Pacha walicheka. Mama Pacha hakuweza kucheka. Chini ya soli aliona muhuri wa meza yake. Aibu ikamshika hadi akashindwa kumtazama mama mkwe wake usoni.

Zahanati walimfunga bendeji. Jioni jirani yao alikuja kumpa pole. Alikuwa fundi mstaafu wa mitambo ya viwandani.

"Kuanzia leo nanunua za kutoka nje," mama mkwe alimwambia. "Hicho kiwanda kifungwe tu!"

"Mama, na mimi je?" Mama Pacha aliuliza kwa sauti ndogo. "Maduka yameanza kurudisha katoni. Bosi anasema hali ikiendelea hivi, nusu yetu tutarudi nyumbani."

Mama mkwe akamgeukia. Hakuwa amewaza hilo.

"Si wao tu, dada yangu," fundi alimwambia mama mkwe. "Mpira wa soli hizo unatoka kwa wakulima. Kiwanda kikifungwa, watamuuzia nani? Dereva wa lori atabeba nini? Yule mama wa chai pale getini atamuuzia nani chai yake? Halafu kiwanda kinalipa kodi, na wafanyakazi wake wanalipa kodi. Kodi hizo ndizo zinazosaidia kununua dawa za zahanati. Hata hiyo bendeji yako."

Mama mkwe aliutazama mguu wake kwa mshangao. "Hata bendeji?"

"Hata bendeji."

"Makubwa! Kandambili imeniangusha, na kandambili imenifunga!"

Wote wakacheka, hata Mama Pacha.

"Basi wafanyakazi waache uvivu," mama mkwe akaamua.

"Ndiyo, wakague kwa makini," fundi alijibu. "Lakini tundu kubwa halizibwi kwa macho. Mwenye kiwanda naye lazima aitengeneze mashine, na awasikilize watu wake. Hapo ndipo kiwanda kinasimama."

Jumatatu Mama Pacha aliifunga ile kandambili kwenye gazeti. Akaenda nayo hadi ofisini kwa bosi, mwenye kiwanda.

"Nani alikagua hii?" bosi aliuliza kwa ukali.

"Mimi. Mashine ilitoboa tundu kubwa, nikaona mkanda umelegea, nikasema itapita. Imempitisha mama mkwe wangu zahanati."

"Kwa nini hukusema mashine ni mbovu?"

"Tuliogopa, bosi. Aliyesema mwaka jana, unakumbuka ulivyomfanya."

Bosi akaurudisha mkanda kwenye tundu lake. Akauvuta kwa kidole kimoja. Ukachomoka.

"Nilikuwa nakimbilia wingi tu," alisema mwishowe. "Kosa hilo ni langu."

Mashine ilisimama siku mbili ikatengenezwa. Bosi alimwomba radhi yule fundi wa mwaka uliopita mbele ya wote, kama alivyomkaripia mbele ya wote. Tena akatangaza kwamba yeyote akiona kasoro, asimamishe mashine bila hofu. Pale mezani wakarudi kuvuta mara tatu, kwa nguvu. Maduka yakaanza kuagiza tena, moja baada ya jingine. Hakuna aliyepunguzwa kazi. Miezi michache baadaye, watu wawili wapya waliongezwa kwenye meza ya ukaguzi.

Mguu ulipopona, mama mkwe alikwenda dukani. Akachukua kandambili, akageuza soli, akaona muhuri wa mkwe wake. Akauvuta mkanda mara tatu kwa nguvu zake zote.

"Bibi, utaniharibia mali!" mwenye duka alilalamika.

"Tulia wewe. Nipo kazini."

Akalipa, akazivaa. Akaenda bombani, akajitwisha ndoo, akapita palepale penye tope. Mama Pacha alikuwa mlangoni, akiitazama miguu yake.

Mama mkwe alifika, akatua ndoo. Hakuna tone lililomwagika.

"Imepita," akasema.